Huduma Ikigoma Kuwaka: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Huduma ya Linux ikigoma kuwaka, systemd huandika ilipokwama. Nimeona data za watu zikipotea kwa sababu fundi hakutaka kusoma mistari mitatu. Soma.

FANYA

Anza na logi. Andika `systemctl status`, kisha `journalctl -u` na jina la huduma. Mengi yamo kwenye mistari ya mwisho.

Jua namba za makosa. 203/EXEC: skripti ya huduma imeshindwa kuendeshwa. Kagua njia ya faili, ruhusa na mstari wa kwanza. 217/USER: mtumiaji uliyemtaja hayupo. 200/CHDIR: folda ya kazi haifikiki.

Kagua miisho ya mistari. Fundi mmoja aliandika skripti kwenye Windows, akaihamishia kwenye seva. Logi ikasema faili haipo, naye anaiona kwa macho. Kila mstari uliishia na alama isiyoonekana, kwa hiyo mfumo ulitafuta bash yenye alama hiyo mkiani, ukaikosa. `dos2unix` ingemaliza kazi papo hapo. Yeye alisakinisha seva upya, na data za wateja zikaenda na maji.

Jaribu skripti kwa `sudo -u`, kwa mtumiaji yule yule wa huduma. Kwako inakubali kwa sababu ya mipangilio yako. Huduma haisomi `.bashrc` yako. Andika njia kamili ya kila programu.

Toa amri ya `systemctl daemon-reload` kila unapohariri faili ya huduma. Usipofanya hivyo, unapima maandishi ya jana.

USIFANYE

Usiandike `chmod 777`. Umemruhusu kila aliyemo kwenye seva kubadili skripti. Kama inaendeshwa na root, umemgawia seva nzima.

Usizime SELinux. Ikizuia skripti, huenda ni kwa sababu faili uliyoihamisha kwa `mv` imekuja na lebo yake ya zamani. Tumia `restorecon`.

Usiwashe tena na tena kwa hasira. Kwa mipangilio ya kawaida, ukipita mara 5 ndani ya sekunde 10 systemd inakataa, nawe unaanza kuhangaika na kosa jipya ulilolizaa mwenyewe.

Usibadili vitu vitatu kwa mpigo. Ikiwaka, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Usiondoke bila `enable`. `start` huwasha huduma sasa tu. Umeme ukikatika usiku, seva itaamka bila huduma yako, na simu itaita kwako.