Maji Taka Yana Bei: Nani Alipe, na Alipe Ngapi?

Je, kijana, umewahi kuisoma bili ya maji ya nyumbani kwenu? Kama mnaishi mjini na choo chenu kimeunganishwa na bomba la maji taka, utaona malipo ya aina mbili: maji safi na maji taka. Wengi huuliza, "Mbona tulipie uchafu?" Hebu tuone.

Kwa nini tulipe?

Ukishavuta maji chooni, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mabomba huziba na kupasuka, kwa hivyo mafundi wanahitajika. Maji yenyewe lazima yasafishwe kabla ya kurudi mtoni, kama inavyofanywa kwenye mabwawa ya Dandora, yaliyoko Ruai, Nairobi. Pesa za ukarabati zikikosekana, uchafu hutiririka mitaani na kuleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Na magonjwa haya hayaulizi nani amelipa na nani hajalipa.

Nani hupanga bei?

Nchini Kenya, Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa. Huduma yenyewe ni jukumu la kaunti, kupitia kampuni zake za maji. Lakini kampuni haiwezi kujipangia bei hivi hivi tu. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, bei lazima iidhinishwe na bodi ya kitaifa ya kudhibiti huduma za maji, WASREB, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni.

Uchafu hupimwaje?

Hakuna mita chooni! Kwa hivyo hupimwa kwa maji safi: yaliyoingia nyumbani, mengi yatatoka. Nairobi, kwa mfano, imewahi kutoza maji taka asilimia 75 ya malipo ya maji. Tena, bei ya maji hupanda kwa ngazi. Yuniti za kwanza ni nafuu ili maskini aweze kulipa. Anayetumia mengi hulipa zaidi kwa kila yuniti. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20.

Vyumba kumi, mita moja

Hapo ndipo penye shida. Tuseme yuniti 6 za kwanza ni shilingi 40 kila moja, na zinazozidi ni shilingi 60. Familia inayotumia yuniti 4, yenye mita yake, italipa maji shilingi 160 na maji taka shilingi 120.

Sasa chukua ploti ya familia kumi kama hiyo, zote kwa mita moja. Jumla ni yuniti 40. Yuniti 6 ni shilingi 240, na 34 zilizobaki ni shilingi 2,040. Jumla ni 2,280, yaani 228 kwa kila familia. Maji taka nayo yanafika 171. Familia ni ile ile, maji ni yale yale, lakini anayebanana plotini anatozwa kama tajiri mwenye bustani!

Dawa ipo: kuhesabu familia zilizoko kwenye mita na kuipa kila moja yuniti zake za bei nafuu.

Basi bei ya haki ni ipi?

• Inatosha kutunza mabomba na mitambo.
• Anayechafua zaidi, kama kiwanda, analipa zaidi.
• Maskini hashindwi kuilipa.
• Asiyeunganishwa na bomba hatozwi huduma asiyoipata.
• Hesabu zake ziko wazi kwa wote.

Kazi kwako

Omba bili nyumbani. Ni yuniti ngapi? Mnatumia mita hiyo familia ngapi? Maji taka ni asilimia ngapi ya malipo ya maji? Jadilini darasani. Na siku kaunti ikiita mkutano wa maoni kuhusu bei, mwambie mzazi au mlezi wako aende na hesabu hiyo mkononi. Kelele hupita, hesabu hujibiwa.