Breki ya Nyuma ya Pikipiki: Kwa Nini Kukaza Nati Hakutoshi

Barabara itokayo Lushoto kwenda Mombo, katika Milima ya Usambara, hushuka karibu mita 1000 kwa umbali wa kilomita zipatazo 33. Pikipiki inayoteremka huko pamoja na dereva, abiria na tenga la mboga yaweza kufikia kilo 300. Kwa mteremko wote huo nishati inayoachiliwa ni juli 2,940,000, yaani 300 × 9.8 × 1000. Nishati hiyo haitoweki. Ama huongeza mwendo, ama hugeuka kuwa joto katika injini, hewa, matairi na breki. Dereva anayezima injini ili aokoe petroli huipunguzia injini kazi hiyo na kuitwika breki karibu mzigo wote.

Kusimama mara moja kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa huzalisha juli zipatazo 42,000. Zikiingia zote katika kilo 2 za chuma, joto la chuma hicho huongezeka kwa nyuzi 45 hivi za Sentigredi, nalo si jambo la kutisha. Lakini kushuka mita 100 tu kwa kutegemea breki hutoa juli 294,000, na chuma kilekile kingepanda kwa nyuzi 320 kama hakuna joto lililotoroka. Katika joto kali msuguano hupungua, na ngoma ya breki hutanuka ikajitenga na viatu vilivyomo ndani yake. Breki ikipoa hushika tena, na dereva hudhani imepona. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi liwe hili: breki ilikataa lini, asubuhi ikiwa baridi au katikati ya mteremko?

Ikiwa ilikataa hata ilipokuwa baridi, ugonjwa umo katika viungo vyenyewe. Kanyagio huvuta rodi. Rodi huvuta mkono mfupi. Mkono huzungusha kamu, kipande cha chuma kilicho bapa ambacho kikigeuka hutanua viatu viwili vyenye lainingi mpaka viguse ngoma. Lainingi zikilika, kanyagio hushuka zaidi kabla ya breki kushika. Dawa inayojulikana na kila mtu ni kukaza nati iliyo mwishoni mwa rodi, na kwa muda dawa hiyo hufaa. Pikipiki nyingi ndogo hutaka kanyagio lisogee milimita 20 hadi 30 tu kabla ya kushika.

Hatari imejificha katika kuikaza nati hiyo mwezi baada ya mwezi. Nguvu ya kuzungusha kamu ni zao la kani ya rodi, urefu wa mkono, na saini ya pembe iliyo kati yao. Pembe ikiwa nyuzi 90, saini ni 1, na hakuna kinachopotea. Mkono ukisogezwa na nati mpaka pembe ifike nyuzi 130, saini ni 0.77, karibu robo ya nguvu ya mguu imekwenda bure, ingawa kanyagio linaonekana gumu na zuri. Mbaya zaidi, kamu iliyogeuka kupita kiasi yaweza kukwama, viatu visirudi, na gurudumu likafunga ghafla. Wako wanaong'oa mkono na kuurudisha jino moja nyuma ili pembe ipendeze. Huko ni kuificha alama ya ulikaji, ule mshale mdogo uliowekwa na mtengenezaji ili kuonyesha kwamba viatu vimekwisha.

Gurudumu likifunguliwa, lainingi hupimwa. Kwa aina nyingi, zikibaki milimita 2 hubadilishwa. Ngoma nayo hupimwa kipenyo chake cha ndani, na kikomo mara nyingi kimeandikwa juu yake. Vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwa maana lainingi za zamani zaweza kuwa na asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Lainingi iliyong'aa kama kioo hukwaruzwa kwa msasa. Iliyonyonya grisi haioshwi ikafaa, kwani joto litayatoa tena mafuta yaliyojificha ndani. Na mafuta ya taa, yanayopendwa na wengi, huacha utando wake mwenyewe. Ibadilishwe, na mpira wa beringi ulioruhusu grisi kupita ubadilishwe pia. Kamu isafishwe kutu na kupakwa grisi kidogo sana.

Wakati wa kurudisha, kanyagio likanyagwe na kushikiliwa huku nati ya ekseli ikikazwa, ili viatu vikae katikati ya ngoma. Kisha ukaguliwe upau unaolizuia bamba la breki lisizunguke: nati yake ikazwe, na pini yake ikunjwe ncha. Upau huo ukiachwa wazi, breki ikanyagwapo bamba huzunguka pamoja na gurudumu na kuikata rodi. Jaribio la kwanza lifanywe kwenye uwanja tambarare, mwendo mdogo, bila abiria.