Motokaa Inayolia Kwenye Kona

Wako watu wa Ruiru na Thika wenye motokaa ndogo zinazovutwa na magurudumu ya mbele. Kila gurudumu la mbele huzungushwa kwa kiungo cha chuma, ambacho mafundi hukiita jointi. Kiungo hicho hutiwa grisi na kufunikwa mpira. Mpira ukipasuka, grisi hutoka, na vumbi jekundu la njia zisizo na lami huingia likasaga chuma.

Mwenye gari aweza kulichunguza nyumbani. Kwanza, mahali tambarare, apinde usukani mpaka mwisho, azime injini, avute breki ya mkono, kisha achungulie nyuma ya tairi. Grisi iliyoruka ndani ya gurudumu yaonyesha kuwa mpira umepasuka. Pili, katika uwanja usio na watoto, azunguke polepole, kulia kisha kushoto. Akisikia "ta-ta-ta", na mlio ukienda mbio kadiri gari liongezapo mwendo, kiungo kimechakaa.

Mpira ukibadilishwa mapema na grisi mpya ikatiwa, kiungo chaweza kuokoka. Kikishaanza kulia, grisi haikiponyi, sharti kibadilishwe. Kikivunjika, injini hunguruma na gari lisiende. Katika barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, ambako magari huenda kasi, kusimama hivyo ghafla ni kuhatarisha roho za watu.