Msumeno wa Kuzamisha: Asili ya Mruko Wake na Namna ya Kuuzuia

Fundi anayetumia msumeno wa mkono huuendesha kwa nguvu ya misuli yake mwenyewe. Meno yakikwama, mkono nao husimama. Msumeno wa umeme haufanyi hivyo. Ukikwama, mota huendelea kusukuma, na nguvu iliyokuwa ikikata ubao huurusha msumeno wenyewe, mara nyingi kumwelekea yule aliyeushika. Vidole na mapaja ya mafundi yamejeruhiwa kwa namna hiyo. Makala haya yanaeleza asili ya mruko huo, kwa kuwa kanuni ya usalama inayokaririwa bila sababu husahaulika upesi, bali ile inayofahamika chanzo chake hudumu.

Muundo wa chombo

Misumeno ya mviringo ya kushikwa mkononi, yenye kuendeshwa kwa umeme, ilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1920. Msumeno wa kuzamisha ni wa jamii hiyo, lakini diski yake hufichwa yote ndani ya kasha, juu ya kitako. Fundi huweka kitako juu ya ubao, huwasha mota, kisha huikandamiza diski hadi izame katika ubao. Akiacha kuikandamiza, springi huirudisha ndani ya kasha. Kwa sababu hiyo chombo hiki chaweza kuanza mkato katikati ya ubao, kama vile kutoboa nafasi ya sinki katika meza ya jikoni. Aghalabu huendeshwa juu ya reli ya alumini inayounyosha mkato.

Tuchukue diski yenye kipenyo cha milimita 160, inayozunguka mara 5,000 kwa dakika. Mzingo wake ni takriban meta 0.503, na kwa sekunde moja huzunguka mara 83.3. Basi kila jino husafiri meta 42 hivi kwa sekunde, yaani kilometa 150 kwa saa. Hakuna mkono wa binadamu uwezao kukwepa mwendo huo. Usalama sharti upangwe kabla ya kuwasha.

Mwelekeo wa meno

Meno ya mbele ya diski hupanda juu, ya juu hurudi nyuma, ya nyuma hushuka, na ya chini husonga mbele. Kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton, meno ya chini yanapousukuma ubao mbele, ubao nao huusukuma msumeno nyuma. Katika kazi ya kawaida msukumo huo ni mdogo, na mkono huushinda. Lakini diski ikibanwa, msukumo huongezeka kwa ghafula na msumeno huruka nyuma. Hali kadhalika, msumeno ukipindishwa katikati ya mkato, meno ya nyuma yanayoshuka hushika uso wa ubao. Yanapousukuma ubao chini, msumeno huinuliwa na kutoka nje ya mkato.

Mwelekeo huo huo waeleza jambo jingine. Kwa kuwa meno ya mbele hutoka juu ya ubao, nyuzi za uso wa juu ndizo zinazochanika. Kwa hiyo, mahali pasipo na reli, uso mzuri wa plaiwudi huelekezwa chini. Reli yenye ukingo wa mpira huzikandamiza nyuzi hizo, na mkato hutoka safi.

Mkato unapojifunga

Sababu kubwa ya diski kubanwa ni namna ubao ulivyoegemezwa. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili bila umeme. Achukue kipande kirefu cha sponji la godoro, akiegemeze ncha mbili juu ya vitabu, kisha akikate kwa kisu katikati, kutoka juu hadi nusu ya kina. Sponji litalegea katikati na kingo za mkato zitakibana kisu. Kisha ahamishe vitabu hadi karibu na mkato, kimoja kila upande, ncha zikining'inia. Sasa mkato utafunguka.

Ubao hufanya vivyo hivyo. Ulioegemezwa kwenye ncha tu hujipinda. Nyuzi zake za juu hugandamizwa na za chini huvutwa, na mkato hujifunga juu ya diski. Dawa yake ni kuuegemeza ubao pande zote mbili karibu na mstari wa mkato, au kuulaza wote juu ya mbao chakavu. Mbao mbichi nazo zaweza kujifunga zenyewe kwa sababu ya mikazo iliyomo ndani yake. Kwa ajili hiyo, baadhi ya misumeno ina ulimi wa chuma nyuma ya diski, unaozuia kingo za mkato zisikutane. Ulimi huo usiondolewe.

Hatua za kazi

Kwanza, plagi ichomolewe kabla ya kubadili au kukagua diski. Diski butu hulazimisha mkono kusukuma kwa nguvu.

Pili, kina kipimwe. Ubao wa milimita 18 juu ya reli ya milimita 5, pamoja na ziada ya milimita 2 au 3, wahitaji kina cha milimita 25 au 26, ikiwa kipimo cha msumeno hakikuhesabu reli. Diski isitokeze chini ya ubao kupita haja.

Tatu, ubao na reli vifungwe kwa vibano. Mkono mmoja hautoshi kushika ubao na mwingine msumeno.

Nne, mota iachwe ifikie kasi yake yote ndipo diski izamishwe, polepole. Wakati wa kuzamisha katikati ya ubao, meno ya chini ndiyo yanayogusa kwanza, nayo husukuma msumeno nyuma. Hivyo kizuizi kifungwe kwenye reli, nyuma ya msumeno.

Tano, mikono yote miwili ishike vishikio, na mwili usimame kando ya mstari wa mkato, si nyuma yake.

Sita, mkato ukipinda usinyoshwe kwa nguvu. Swichi iachwe, diski isimame, kisha kazi ianze upya. Umeme ukikatika, swichi iachwe na plagi ichomolewe, usije ukarudi ghafula.

Mwendo unaofaa

Diski ya meno 48, kwa mizunguko 5,000, hupitisha meno 240,000 kwa dakika. Fundi akisogea meta 3 kwa dakika, kila jino huondoa milimita 0.0125. Akijikokota kwa nusu meta, jino hupata milimita 0.002 tu: husugua badala ya kukata, diski hupata joto na ubao huungua. Akiharakisha mno, mota huelemewa. Sauti ya mota inayoshuka ndiyo onyo la kwanza.

Miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio ni vya lazima. Vumbi nalo lisidharauliwe: mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule huwasha ngozi na laweza kuleta pumu.

Maswali

1. Diski yenye kipenyo cha milimita 210 huzunguka mara 3,500 kwa dakika. Tafuta mwendo wa jino kwa sekunde.

2. Kwa nini diski iliyozamishwa kwa haraka huusukuma msumeno nyuma kwa nguvu zaidi?

3. Chora ubao ulioegemezwa kwa namna mbili, mkato ukijifunga na mkato ukifunguka. Onyesha mahali nyuzi zinapogandamizwa na mahali zinapovutwa.