Kimelea Kinachobadili Koti



Huku Usinge, wilaya ya Kaliua, anayeingia porini kurina asali anamjua mbung'o. Akikuuma mbung'o mwenye vimelea vya malale, vinaingia kwenye damu. Mwili haukai kimya. Baadhi ya chembechembe nyeupe za damu humeza wavamizi. Nyingine hutengeneza kingamwili, ambazo hunata kwenye koti la protini la kimelea ili kiuawe. Vinakufa vingi, homa inashuka, mtu anasema, "Nimepona."

Kumbe vichache vimeshabadili koti! Kimelea hiki kina jeni zaidi ya 1,000 za makoti ya aina hiyo. Chembechembe nyeupe zinaanza upya, nacho kinabadili tena. Ndiyo maana mpaka leo malale haina chanjo. Bila dawa, vimelea hufika kwenye ubongo, usingizi unavurugika, na mgonjwa hufa.

Ugonjwa si dhambi, tusichanganye. Ila Mtakatifu Paulo aliwaonya Wakorintho kuwa Shetani naye hujigeuza (2 Kor 11:14). Kishawishi ulichokishinda wakati wa Kwaresima kinaweza kurudi kikiitwa "kupoteza mawazo kidogo" tu. Basi tusilale kwa sababu ya ushindi wa jana. Chunguza dhamiri kila jioni, usichelewe Kitubio. Na ukipata homa baada ya kuumwa na mbung'o, wahi hospitali ukapimwe damu. Sala haikatazi dawa.

Swali la tafakari: kishawishi chako cha zamani kimevaa koti gani sasa?