Kipunguza Mlio cha Bunduki Nacho Ni Silaha

Yafaa wenyeji wa Isiolo, na hasa wakaao katika maboma ya mbali, walijue jambo moja la sheria lisilofahamika na wengi. Kile chombo kifungwacho mdomoni mwa bunduki ili kupunguza mlio wake si pambo, wala si kitu cha kununuliwa ovyo kama taa ya baiskeli. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyotungwa mwaka 1953 na ambayo ingali ikitumika pamoja na marekebisho yake, inapoeleza maana ya silaha yakitaja pia kifaa chochote kilichotengenezwa au kugeuzwa ili kupunguza mlio au mwako wa bunduki. Basi mtu akikutwa nacho mkobani, hata akiwa hana bunduki, ataulizwa cheti. Na asipokuwa nacho aweza kufungwa gerezani.

Chombo chenyewe hufanyaje kazi? Baruti iwakapo, hewa ya moto hutoka mtutuni kwa nguvu nyingi na kupiga kishindo. Ndani ya chombo mna vyumba vidogo ambamo hewa hiyo huzuiliwa na kupoa kabla ya kutoka. Lakini mtu asidhani kwamba bunduki huwa bubu, kama ionekanavyo katika sinema. Risasi ya raifali huikimbia sauti, ambayo mwendo wake ni kama mita 340 kwa sekunde, nayo huipasua hewa kwa mlio wake yenyewe. Kinachopotea ni dalili ya mahali ulikotoka mlio. Hapo ndipo penye hatari kwetu wafugaji: wezi wa mifugo wajapo usiku, mlio wa bunduki ndio uwaamshao majirani na kuwaonyesha upande wa kukimbilia.

Huko Uingereza wawindaji wengi hukitumia ili kuhifadhi masikio yao. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo sababu hiyo haimfai mwombaji.

Maombi ya silaha hupelekwa kwa Bodi ya Leseni za Silaha, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2014. Mwombaji hana budi kuonyesha sababu ya haki, na kwamba kupewa kwake hakutahatarisha amani ya watu. Mlevi hapewi, wala asiye na akili timamu. Mwenye bastola halali naye asidhani kwamba cheti chake chafunika kila atakachokifunga juu yake. Kuagiza kutoka nchi za nje, hata kwa kifurushi cha posta, kwataka kibali cha peke yake.

Ukikiokota chombo hiki malishoni, usikijaribu. Mwite chifu au polisi waje wakichukue hapo kilipo. Ukikibeba mwenyewe hadi mjini, huenda ukasimamishwa njiani, na maelezo yako yasisadikiwe upesi.