Nakala Mbili Zisizotofautiana: Kufungasha Programu ya JavaScript ili Ijengwe Upya

1. Swali lenyewe

Baadhi ya wanafunzi wa lugha siku hizi wanaambatisha programu ndogo kwenye kazi zao za mwisho wa masomo: kamusi ya kidijitali, chombo cha kutafuta neno katika mkusanyo wa matini, ukurasa wa kusikiliza matamshi. Mara nyingi programu hizo huandikwa kwa JavaScript, lugha iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, kwa sababu kila kivinjari kinaielewa.

Katika makala haya nauliza swali moja. Msomaji akichukua kodi ya kamusi yako baada ya miaka 5 na kuijenga mwenyewe, je, atapata kamusi ile ile? Kama hapana, matokeo uliyoyatangaza hayawezi kuhakikiwa. Sisi tuliosoma uhakiki wa hati za zamani tunalijua swali hili. Wanakili wawili wakipewa hati moja, tunatarajia nakala zao zilingane herufi kwa herufi. Zisipolingana, tunatafuta zimeachana wapi na kwa sababu gani. Ndivyo nitakavyofanya hapa.

2. Kwanza maneno

Kujenga, katika taaluma hii, ni kuigeuza kodi iliyoandikwa na mtu kuwa faili zilizo tayari kutumika. Ujenzi unaorudiwa sawasawa ni ule ambao kodi ile ile, kwa vifaa vile vile, hutoa matokeo yaleyale hadi baiti ya mwisho. Sikuchagua kusema "ujenzi rudufu", maana kurudufu ni kutoa nakala kutoka kwenye nakala iliyokwisha kuwapo. Hapa hatunakili matokeo. Tunaifanya kazi yote tena tangu mwanzo.

Programu moja huitegemea nyingine. Wengine huiita ile inayotegemewa "utegemezi". Lakini utegemezi ni hali, nao hauhesabiki vizuri. Tunahitaji jina la kitu: kitegemewa, vitegemewa. Hivyo naweza kusema kwamba kamusi ina vitegemewa 300, na kila mtu akaelewa.

La mwisho ni mazingira yaliyotengwa ambamo programu hujengwa bila kugusa kitu kingine. Tafsiri ya neno kwa neno, "sanduku la mchanga", haimpi msomaji wetu picha yoyote. Nitasema chumba kilichofungwa, kwa sababu kufungwa ndiyo kazi yake yote.

3. Vitegemewa havitulii

Katika JavaScript vitegemewa huletwa na npm kutoka ghala kubwa la vifurushi lililo kwenye intaneti. Mwandishi huorodhesha anavyovihitaji katika faili iitwayo package.json. Akiandika ^1.2.3, maana yake ni "toleo la 1.2.3 au lolote jipya zaidi, mradi lisifike 2.0.0". Basi anayejenga leo Lubumbashi na atakayejenga mwakani Bukavu wanaweza kupewa matoleo tofauti, ingawa wote wawili wamefuata agizo lile lile.

Hatari si ya matoleo tu. Machi 2016 mwandishi wa kifurushi kiitwacho left-pad alikiondoa ghalani. Kilikuwa na mistari 11 tu ya kodi, nacho kilijaza nafasi upande wa kushoto wa neno. Programu nyingi duniani zikashindwa kujengwa hadi kiliporudishwa. Mwaka 2018 ikatokea kesi ya namna nyingine. Kifurushi event-stream kilipokelewa na mtunzaji mpya, naye akakiongezea kitegemewa chenye kodi iliyofichwa, iliyolenga kuiba sarafu za kidijitali za watumiaji wa pochi moja. Kesi ya kwanza ni hati iliyopotea. Ya pili ni hati iliyochomekwa maneno na mkono wa mgeni.

4. Faili ya kufuli

Dawa ya kwanza ni package-lock.json, iliyokuja na npm 5 mwaka 2017. Faili hii huandika toleo halisi la kila kitegemewa, pamoja na vitegemewa vya vitegemewa. Kando ya kila kimoja huweka alama ya heshi: mfuatano wa herufi unaokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo. Ikibadilika baiti moja, alama nzima hubadilika. Ni muhuri: hauzuii bahasha isiguswe, lakini unaonyesha kwamba imeguswa.

Unapojenga kwa kutoa kwa wengine, usitumie npm install, maana yaweza kuirekebisha faili ya kufuli. Tumia npm ci. Hiyo hufuta folda ya node_modules, husakinisha yaliyo katika kufuli tu, na hukataa kuendelea ikiwa kufuli na package.json havikubaliani.

Hata hivyo kufuli peke yake halitoshi. Halifungi toleo la Node.js linaloendesha kazi. Tena baadhi ya vifurushi vina hati ndogo inayojiendesha wakati wa kusakinishwa na kuleta vitu vingine kutoka kwenye mtandao. Puppeteer, kwa mfano, hupakua kivinjari kizima. Kitu hicho hakimo katika orodha ya kufuli, na alama yake haijaandikwa humo.

5. Chumba kilichofungwa

Mfano ninaoufahamu zaidi ni Nix, mfumo ambao Eelco Dolstra aliueleza katika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, mwaka 2006. Kwenye Linux, Nix hujenga kila programu ndani ya chumba ambamo hakuna mtandao, wala folda ya nyumbani ya mtumiaji. Vinavyoonekana ni vile tu vilivyotajwa.

Hapo linazuka tatizo: npm inataka mtandao, na chumba hakina. Suluhisho ni kuigawa kazi sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huleta vitegemewa, nayo inaruhusiwa kutoka nje kwa sharti moja: alama ya heshi ya kitakacholetwa iwe imeandikwa kabla. Kikija kitu kingine, kazi inasimama papo hapo. Sehemu ya pili hujenga ndani ya chumba kwa kutumia akiba hiyo bila mtandao kabisa. Nix ina chombo cha kazi hii, buildNpmPackage, na alama huwekwa kwenye nafasi iitwayo npmDepsHash.

Ile hati ndogo inayotaka kupakua kivinjari itagonga mlango na kushindwa. Kushindwa huko ni faida, maana kumefichua kitegemewa ambacho hakikutajwa. Unaizuia kwa kuweka PUPPETEER_SKIP_DOWNLOAD, kisha unakitaja kivinjari waziwazi miongoni mwa vitegemewa.

Kwetu kuna faida nyingine. Vitegemewa vikishaletwa mara moja, vinaweza kubebwa kwenye diski hadi kompyuta ya chuo isiyo na intaneti, na programu ikajengwa hapo.

6. Yanayobaki ndani ya chumba

Chumba hufunga vinavyotoka nje. Hakiwezi kurekebisha kodi inayojibu tofauti kila inapoulizwa. Hapa mtu wa lugha ana la kusema kuliko mhandisi.

Tarehe. Ukiandika chini ya ukurasa "Imejengwa leo saa hii", hakuna nakala mbili zitakazolingana. Kuna desturi ya kusoma wakati kutoka SOURCE_DATE_EPOCH, idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, ambayo mjenzi huiweka mwenyewe.

Mpangilio wa alfabeti. Amri sort() ya JavaScript, ikiachwa hivyo, hufuata namba za herufi: "Zaidi" hutangulia "amani", na é huja baada ya z. Ukitumia localeCompare bila kutaja lugha, mashine hufuata lugha yake yenyewe. Iliyowekwa Kiswidi huweka ä baada ya z, ya Kijerumani huiweka pamoja na a. Taja lugha: localeCompare(b, "sw"). Na kwa kuwa kanuni hizo hukaa ndani ya Node.js, toleo lake nalo lifungwe.

Herufi zenye alama. Neno la Kifaransa "école" laweza kuandikwa kwa é iliyo herufi moja, au kwa e ikifuatwa na alama ya mkazo. Jicho halioni tofauti, heshi inaiona. Lakini ɛ́ ya Kilingala haina namba yake moja. Daima ni ɛ na alama. Anayeandika kamusi ya lugha zetu apitishe maneno yote katika normalize("NFC") kabla ya kuyapanga.

7. Zoezi

Chukua programu yako. Ijenge kwa Nix, kisha uijenge tena kwa nix-build --check, ambayo hulinganisha matokeo mapya na ya kwanza. Yakitofautiana, fungua faili mbili ubavu kwa ubavu na utafute mahali zilipoachana: tarehe, mpangilio au herufi.

Napendekeza kila kazi yenye programu iwasilishwe na vitu vitatu: kodi, faili ya kufuli, na alama ya heshi ya matokeo. Mtahini akijenga na kupata alama ile ile, atajua kwamba kamusi anayoisoma ndiyo iliyotoka katika kodi aliyopewa. Akipata nyingine, ana haki ya kuuliza, na mwanafunzi ana wajibu wa kujibu.